Bendera Niliyoihamisha

Rehema mwanangu,

Salamu tumeshapeana asubuhi, na kesho kwenye stendi ya Kibiti tutapeana nyingine mbele za watu, kwa hiyo humu siziweki. Sasa hivi alasiri imeshaswaliwa. Wewe umekwenda Umwe kumuaga bibi yako, baba yako yuko shambani, na nyumba ni yangu peke yangu mpaka magharibi. Nimefunga mlango wa mbele ili majirani wadhani sipo.

Soksi, dawa ya miguu, swala za safarini, nani wa kumzoea na nani wa kumkwepa, hayo yote nimekuambia mpaka umechoka. Humu nakuandikia lile ambalo sijakuambia. Nitaitia barua hii kwenye mfuko wa pembeni wa begi lako, na utakapoiona basi litakuwa limeshapita Bungu. Hutaweza kushuka ukarudi kunigombeza. Nimepanga hivyo makusudi.

Yule mwalimu wa ramani unayemwendea Morogoro, Mwalimu Hashimu, namjua. Nilianza kumchukia kabla wewe hujazaliwa, na sijachoka.

Unakumbuka ile video uliyonionyesha kwenye simu yako, siku ile jina lako lilipotoka kwenye orodha ya waliochaguliwa kwenda kufundishwa mbio za porini? Amesimama mbele ya vijana, ramani mkononi, anafundisha namna ya kuchagua mwenzako wa mbio. Akasema, "Mimi niliwahi kukimbia na dada mmoja wa Kibiti. Tope lilipomshinda alikata tamaa, akaenda zake kwao bila hata kuniaga. Kwa hiyo chagueni watu wenye moyo." Vijana wakacheka. Na wewe ukacheka, ukaniambia, "Mama, huyo dada katuaibisha watu wa Kibiti." Mie nikaingia jikoni nikajifanya naangalia mboga.

Dada huyo ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Walikuja watu kutoka Dar na mbio zao za porini, timu za watu wawili wawili: kukimbia, baiskeli, kisha mtumbwi na kutembea kwenye mikoko huko Nyamisati. Sharti lao lilikuwa kila timu iwe na mwenyeji mmoja. Hashimu alikuwa ameshashiriki mbio kama hizo mara kadhaa. Alikuja kwenye shule niliyosoma kuulizia msichana mwenye mbio, mwalimu wa michezo akanitaja mimi. Nilifurahi, mwanangu. Nilidhani amenichagua.

Tulifanya mazoezi wiki tatu kwenye mikorosho ya kwetu Bungu. Kila nilipomwambia anionyeshe ile ramani alisema, "Wewe kimbia tu, Mwanaidi. Ya ramani niachie mimi." Dira ilining'inia shingoni kwake. Kadi ya mbio, ile wanayoiita pasipoti, ambayo kila ukifika kituo unaitoboa kwa kidude kilichofungwa kwenye bendera, ilikuwa mfukoni mwake. Na karatasi inayoeleza kila kituo kiko wapi, hiyo nayo aliikunja akaiweka kwenye kofia yake. Mie nilibeba maji.

Sikulalamika. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na nimelipitia kichwani mara nyingi kuliko kosa lake. Nilimwona mtu aliyejiamini, nikadhani kujiamini kwake kunanitosha na mimi. Watu wa Dar walidhani kwa kuwa natoka Kibiti basi delta nzima naijua, na mie niliona haya kuwaambia kwamba ni mtoto wa mihogo na korosho. Mikoko nilikuwa nimeiona mara mbili tu maisha yangu yote.

Siku ya mbio tulikwenda vizuri mpaka kwenye mikoko. Maji yalikuwa yamekupwa, tope linafika magotini. Kisiki kilichokatwa kwa panga kikanichoma chini ya mguu, kikapenya raba. Hashimu alitazama ile damu, kisha akatazama saa yake.

Akaniambia, "Kaa hapa. Kituo kiko mbele kidogo. Natoboa kadi, narudi kukuchukua."

Nikamwuliza, "Unaniachia ramani?"

Akasema, "Utaisomaje, Mwanaidi? Kaa, nakuja."

Adhuhuri ilikuwa haijaingia. Nikakaa kwenye mzizi. Nilisubiri mpaka maji yakaanza kurudi, kwanza kwenye vidole, kisha kwenye kifundo, kisha kwenye goti. Nilimwita. Nilipanda mkoko nione upande gani kuna nchi kavu, nikaona majani tu, kila upande majani yaleyale. Kaskazini sikuijua iko wapi. Sikujua nimetembea umbali gani wala nimevuka vijito vingapi, kwa sababu safari nzima nilikuwa natazama mgongo wa mtu. Hebu fikiria. Nusu saa kwa mguu kutoka walipo watu, na sikuweza kusema hata kama watu wako kulia au kushoto.

Kilichonitoa ni mlio wa shoka. Kulikuwa na familia ya wakataji wa mikoko, ndugu watatu na mtumbwi wao. Niliufuata ule mlio nikiogelea na kutambaa, nikapiga kelele, wakanipandisha. Mmoja wao ndiye leo unamwita baba. Hupenda kucheka kwamba Hashimu alimtafutia mke. Mie hilo sicheki.

Waliponifikisha Nyamisati jua lilikuwa limeelemea magharibi. Hashimu alikuwa ameshamaliza. Kule mbele alikuwa amempata mtu ambaye mwenzake ameugua, wakaungana, wakaingia wakipigiwa makofi. Mzee mmoja aliyekuwa anaandika majina aliponiona alishangaa.

"Wewe si umekwenda kwenu?"

"Nani kasema?"

"Mwenzio. Kasema umechoka, umepita njia ya mkato. Na sisi tukasema huyu mwenyeji, hawezi kupotea."

Nilimtafuta Hashimu nimwulize. Alikuwa ameshapanda gari.

Ndiyo maana, Rehema, ramani ishike mwenyewe. Hata kama timu ina msomaji hodari, hata kama ni mchumba wako, uwe na nakala yako kwenye mfuko wa plastiki, na kidole gumba kiwe juu ya mahali ulipo. Kila unapopinda, igeuze ramani ielekee kama nchi inavyoelekea, kisha usogeze kidole. Ukikuta hujui kidole ukiweke wapi, simama hapohapo, usione haya kuwachelewesha. Mie niliona haya, na unajua ilinifikisha wapi.

Sasa naja kwenye kosa la pili, ambalo ni kubwa zaidi, na hili hakulifanya Hashimu.

Ulikuwa na miaka sita. Mbio zilirudi Nyamisati, safari hii za watu wanaoanza, wengi wao wanafunzi. Mpangaji wa vituo alikuwa yeye. Mie nilichukuliwa kupika. Alikula wali wangu siku mbili, akaniambia, "Mama, mkono wako mtamu," na hakunikumbuka. Alinitazama usoni kabisa akaomba pilipili. Nadhani angenikumbuka, hata kama ni kwa kukwepa macho yangu, nisingefanya nililofanya. Lakini sina hakika. Usinitetee.

Kufikia wakati huo nilikuwa nimejifunza ramani. Bwana misitu mmoja mstaafu alinifundisha hapa Kibiti, jioni baada ya jioni, mpaka nikawa naisoma kama ninavyosoma barua. Kwa hiyo siku ile Hashimu alipoianika ramani yake iliyolowa juu ya meza, na duara za vituo zimechorwa kwa kalamu nyekundu, nilipita na sufuria mkononi nikatazama mara moja tu. Ilinitosha.

Asubuhi ya mbio, kabla hawajapanga mstari, nilichukua mtumbwi wa baba yako. Nikaenda kituo cha saba. Nikaifungua bendera, ile ya rangi ya chungwa na nyeupe, pamoja na kitoboleo chake, nikaipeleka kwenye kijito cha pili, kile kisichotokea mahali popote. Nikaifunga vizuri. Nikarudi kupika chai.

Nilitaka aaibike, na aliaibika. Timu zilifika kwenye duara hazikuona kitu. Zikazunguka, zikapoteza muda, zikarudi na hasira. Kile kipande cha mbio kikafutwa. Watu wazima walimfokea mbele ya wanafunzi, na yeye anaipindua ramani huku na huku, jasho linamtoka. Mie nilisimama na mwiko wangu nikimtazama. Sitakudanganya, mwanangu, niliisikia raha mpaka kwenye meno.

Kisha akaja kijana mmoja anakimbia, peke yake. Mwenzake alikuwa binti anaitwa Salma. Wao walikuwa wamepotea njia tangu mwanzo, wakatokea kwenye kijito cha pili kwa bahati, wakaiona bendera, wakatoboa kadi yao. Mtumbwi ukakwama topeni. Salma akaruka chini kuusukuma, mguu ukaingia katikati ya mizizi, akaanguka, mguu ukabaki umenaswa. Kijana alikuja kutafuta msaada, na sasa hajui ametokea wapi.

Hashimu akamshika bega. "Kituo gani? Mlikuwa kituo gani?"

"Cha saba."

"Cha saba hakuna kitu! Nimetoka huko sasa hivi!"

Pale palikuwa na watu zaidi ya thelathini, na mimi peke yangu ndiye niliyejua yule binti yuko wapi. Na maji yalikuwa yanarudi.

Nilimwita baba yako tukaondoka bila kumweleza mtu. Tulipokaribia tukasikia filimbi, mipigo mitatu, kimya, mipigo mitatu. Aliendelea kupiga mpaka tulipomfikia, na maji yalikuwa kifuani. Filimbi yako iwe shingoni, Rehema, isiwe ndani ya begi. Begi la Salma lilikuwa limeshachukuliwa na maji.

Na hapa ndipo ninapoomba usome polepole. Kabla ya kumshika yule mtoto wa watu, kabla ya kuutazama mguu wake, niliifungua ile bendera nikaizamisha topeni kwa kafi la mtumbwi. Baba yako aliniona. Hajawahi kunitamkia neno juu yake mpaka leo. Ndipo tukamnasua Salma. Mguu ulikuwa umevunjika. Alinikumbatia shingo njia nzima ananiambia, "Asante mama. Asante mama."

Hashimu aliichukua kadi ya timu ya Salma kwa yule kijana akaigeuza kwenye mwanga. Kila kitoboleo kina mpangilio wake wa matundu, na matundu yale yalikuwa ya kituo cha saba, hayana shaka. Salma alikuwa ameshasema walikoitoboa, basi akaamini kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeifunga bendera kwenye kijito kisichokuwa chake. Hakupanga vituo tena tangu siku hiyo. Akawa anafundisha tu. Nilipolisikia hilo nilisema moyoni, na bado.

Kwa hiyo ukifika kwenye bendera, usifurahie rangi yake. Tazama namba, ilinganishe na karatasi yako. Kisha tazama nchi. Kama karatasi inasema mahali mito miwili inapokutana na wewe umesimama kwenye mto mmoja, basi kuna kitu kimeharibika, hata kama namba ni yenyewe. Bendera hufungwa na mtu. Mtu hukosea, na mwingine huwa na kisa chake.

Salma hakunisahau. Kila Iddi alinitumia ujumbe. "Iddi njema mama yangu wa Kibiti." Mwaka aliojifungua alinitumia kanga doti moja, ile ya bluu uliyotaka kuikata ushonee mkoba nikakukemea. Sijawahi kuivaa. Ningeivaaje?

Nawe nilikufanya nini? Ulipofika miaka tisa nilikununulia dira, nikaanza kuficha vibati vya rangi kwenye mikorosho, nikakuambia ni mchezo. Ulipenda, na mimi nilipenda kukuona unapenda, lakini nia yangu ilikuwa nyingine. Nilikuwa namtengenezea Hashimu mtu wa kumshinda. Nilikufundisha kuhesabu hatua mpaka ukawa unajua hatua zako ngapi ni mita mia, kwenye mchanga na kwenye majani marefu. Nilikufundisha kuiweka dira mbali na simu na panga, maana chuma huuvuta mshale. Na siku ile ulipomwachia binamu yako ashike ramani, ukaja umechelewa unacheka, nilikupiga kofi. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Uliniuliza, "Nimefanya nini mama?" Sikukujibu. Leo nakujibu: hukufanya kitu. Kofi lile halikuwa lako. Nisamehe.

Baada ya ile video nilikaa siku tatu silali vizuri, kisha nikapiga simu mbili.

Ya kwanza nilimpigia Salma. Nilimweleza yote, bendera na kafi na tope. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mguu wangu bado unauma mvua ikinyesha." Akakata. Hajaniandikia tangu hapo, na Iddi imepita. Ana haki yake.

Ya pili ilikuwa ya Hashimu. Namba niliitoa kwenye fomu yako. Nilimwambia mimi ni Mwanaidi wa Kibiti, niliyekimbia naye.

Akachangamka. "Ah! Dada yangu! Wewe si ulinikimbia?"

"Uliniacha mikokoni, Hashimu. Ulisema unarudi."

"Hapana, hapana. Wewe ulisema uko karibu na kwenu."

"Kwetu ni Bungu. Mikokoni kule kwetu kuna nani?"

Akasema mambo ya zamani, kila mtu hukumbuka kivyake. Alisema kwa sauti ya upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Rehema, nadhani anaamini. Amelisimulia mara nyingi mpaka limekuwa kweli kwake. Hapo nikaona sina njia nyingine ya kumfikia.

Nikamwambia, "Bendera ya saba niliihamisha mimi."

Nilisikia pikipiki inapita upande wake.

Akauliza, "Unasema?"

"Wewe uliifunga pale pale ulipochora. Mimi ndiye niliyeipeleka kijito cha pili."

Sauti yake ikawa ya mtu mwingine. "Miaka yote hii najiuliza niliifungaje kule. Nimeacha kazi niliyoipenda. Nilidhani akili yangu imeharibika. Kwa nini, Mwanaidi?"

"Kwa sababu uliniacha."

Alilia au alikohoa, sijui. Kisha akapata njia yake, kama kawaida yake. "Sikiliza. Wewe una lako, mimi nina langu. Tunyamaze wote wawili, yaishe."

Unaweza kufikiri nilimhurumia? Sikumhurumia. Nilimwambia hayaishi. Nimeshaandika barua kwa wenye mbio, kurasa nne, kosa lake na langu, na jina langu kamili chini. Atakapomaliza kuwafundisha vijana wa mwaka huu, na mbio zao zikaisha, nitaipeleka. Ila kama atasimama mwenyewe mbele ya vijana hao aseme kwamba yule dada wa Kibiti hakukata tamaa, kwamba aliachwa na mguu wake unatoka damu, basi ataachiwa aanze yeye kusema, na mimi nitafuata na langu. Mpaka hapo, nikamwambia, kila asubuhi uamke ukijua barua ipo. Nilikata kabla hajajibu.

Kwa nini nasubiri mbio ziishe? Kwa sababu safari ile nililipiza, na mguu uliovunjika ulikuwa wa Salma. Safari hii nataka wewe uwe umeshapita, kadi yako imetobolewa vituo vyote, ndipo nifungue kinywa. Yeye hajui kwamba nina mtoto. Wewe unaitwa kwa jina la baba yako, na ukitaka kunyamaza hakuna atakayekuuliza.

Jifunze kwake, maana anajua. Hilo sitamnyima, mkono wake kwenye ramani ni mzuri. Mwamkie kama mwalimu. Akiwasimulia tena habari za yule dada, usicheke, lakini usinijibie pia. Usimwibie mtu kituo, usifiche kitu cha mtu, usimwache mtu nyuma kwa ajili yangu. Nilikulea kwa ajili ya ugomvi huu na ugomvi huu si wako. Jana nilikutazama unaikunja ramani yako mpya kitandani, unatabasamu peke yako, nikaona kwamba unakwenda kwa sababu unapenda kwenda. Nimefurahi, na nimeona wivu kidogo.

Nasikia baba yako anagonga, ananiuliza nimefunga mlango kwa nini. Naacha hapa.

Kimbia, mwanangu. Hashimu niachie mimi.

Mama yako,
Mwanaidi